Marhun na Bahari ya Sur

Marhun bin Soud alinichosha kuliko mafaili yote ya idara yetu ya kazi za umma pale Sur. Mimi nilikuwa mpiga taipu, yeye msimamizi wa ujenzi, na meza yangu ilikuwa karibu na dirisha linalotazama njia. Basi dirisha lile akalifanya lake. Ataingia, atachungulia nje, atachukua kalamu yangu aigonge mezani, atairudisha, atatoka, na kabla sijamaliza mstari amekwisha rudi. Siku moja nilimwambia kama ana upele aende hospitali. Alicheka, akaendelea kugonga.

Mimi nimezaliwa Unguja, yeye Wete, Pemba, na sote tulifika Oman katika miaka ile ya sabini, nchi ilipofungua milango na kuwaita watoto wake warudi. Marhun alipitia Dar es Salaam kwanza, akafanya kazi ya barabara miaka mitano. Akaja Maskati, akapelekwa Ibra, kisha Sur. Popote alipofika alijiona yuko njiani tu. Mkewe, Rahila, alinambia kuwa mumewe hajakubali hata kupigilia msumari ukutani, kwa kuwa kesho wataondoka.

Alikuwa akiingojea Nizwa. Ukoo wa baba yake ni wa Tanuf, jirani na Nizwa, na huko alikuwa na binamu waliompokea kwa tende na kahawa, halafu wakamwita Zinjibari, yaani mtu wa Zanzibar, mbele yake na nyuma yake, kama kwamba babu yao si mmoja. Marhun alitaka arudi kwao na cheo: msimamizi mkuu wa Dakhiliya, mkoa mzima wa Nizwa, apitishe barabara mbele ya milango yao huku wanamtazama. Mwanzoni mwa mwaka 1981 nafasi ile ilitoka, na jina lake likawa la kwanza kwenye orodha. Najua, kwa sababu orodha niliipiga mimi.

Wiki ile ile akaja Kaltham.

Huyu alikuwa mwanamke mtu mzima wa kijiji cha wavuvi upande wa Ras al Hadd, penye khor, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Miaka miwili nyuma idara yetu ilipitisha barabara juu ya tuta kwenye mdomo wa khor ile, ili magari yasizunguke mbali. Chini ya tuta tuliweka mabomba makubwa ya saruji, bahari ipate njia ya kuingia na kutoka. Kaltham aliingia ofisini na tita la matawi, akaliweka juu ya taipu yangu bila ya kuomba radhi. Yalikuwa matawi ya qurm, mti wa jamii ya mikoko ambao sisi kwetu tunauita mchu. Majani yamegeuka manjano, yamekakamaa kwa chumvi.

Alisema tangu lijengwe tuta bahari haifiki kwenye miti. Samaki wadogo waliokuwa wakikulia mizizini hawapo tena, ngamia hawana majani ya kula, na khor inageuka uwanda wa chumvi. Joto la kiangazi likikuta hali ni hiyo hiyo, hautabaki mti hata mmoja. Alitaka jambo moja tu: mabomba yashushwe. Kisha akakaa chini karibu na mlango, akangoja, kama kwamba sisi tutayashusha kwa muda wa kunywa finjani ya kahawa.

Marhun alilishika tawi moja, akaligeuza, akaligeuza tena. Mara hiyo hakugonga kitu.

Kubadilisha kazi ya serikali, hata kama ni bomba moja, kulikuwa na safari yake. Ombi linakwenda Maskati na ramani mpya, linapita meza sita, na kila meza ina mtu wake na likizo yake. Kijiji kilikwisha kuomba mwaka uliopita. Ombi lilirudi kwa kukosa ramani, likapelekwa tena, na huko likalala. Lakini mwezi ule tulikuwa tumepokea waraka mpya, na mudir wetu, mkuu wa idara, Yaarub, akautoa katika mtoto wa meza yake. Ulisema mabadiliko madogo yanayorudisha maji au ardhi katika hali yake ya zamani, mudir wa mkoa ana ruhusa ya kuyakubali mwenyewe, kwa karatasi moja tu. Sharti lilikuwa kwamba sababu ya madhara ielezwe, na atie saini yule aliyesimamia kazi.

Yaarub alimwita Marhun, aliyeisimamia kazi ile ya tuta, akampa karatasi. Akamwambia aijaze, na yeye ataipitisha wiki ile ile.

Marhun aliitia mfukoni, ikakaa humo siku sita. Siku sita hizo, jamani, ofisi haikukalika. Alikwenda khor akarudi, akaenda tena alasiri ya siku hiyo hiyo. Alitaka chai, ikaja, akaiacha ipoe. Alianza maneno akayakata katikati. Kaltham alikuwa akija kila asubuhi kwa gari la samaki, anakaa mahali pake pale mlangoni, na Marhun akimwona anapitia mlango wa nyuma. Siku ya sita nilikasirika. Nilifunga mlango, nikamwambia hatoki mpaka aseme kitu gani kinamla.

Akasema. Michoro ya tuta haikuonesha mabomba yawekwe juu kiasi gani. Iliandikwa kwamba kimo kitapimwa pale pale. Injinia alikuwa likizo, na kazi ina haraka. Marhun akaona jambo hilo si la kusubiri mtu, yeye amezaliwa pwani. Kule Pemba bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, inapopwa na kujaa, maji yanapanda pima mbili na zaidi. Basi alisimama khor maji yamepwa, akahesabu kutoka pale, akaweka midomo ya mabomba nusu ya njia. Hakupima bahari ya Sur inapanda kiasi gani. Nayo inapanda kidogo zaidi ya nusu ya ile ya kwetu. Nusu ya Pemba ndiyo karibu mwisho wa maji ya hapa. Siku ya ufunguzi iliangukia bamvua kubwa kabisa ya mwaka, maji kidogo yakapita, watu wakapiga makofi, naye akarudi nyumbani kifua mbele.

Sasa nitasema kweli na mimi. Nilimwambia aseme uongo. Nilikuwa nimekwisha kuupiga taipu nikiwa naye chumbani, mistari mitatu: bahari imeleta mchanga, mchanga umeziba njia. Nani atakwenda kuihoji bahari? Nizwa inamngoja. Na si yeye peke yake. Nilikwisha kusikia masikioni mwangu watakavyosema, kwamba hawa waliokuja kutoka Afrika kazi hawaijui, na maneno hayo yangenifika mimi, na kila mmoja wetu aliyekuwa na kiti katika ofisi. Nilimkasirikia kwa kutaka kutuaibisha sote kwa ajili ya michu.

Alisoma karatasi yangu amesimama dirishani. Akaisoma tena.

"Bi Mahfoudha," alisema, "nikiandika mchanga, tutapewa rukhsa ya kuzoa mchanga. Mabomba yatabaki kule kule juu."

Rukhsa hufuata sababu. Hilo nilikuwa nikilipiga taipu kila siku ya Mungu.

"Tia karatasi nyengine," akasema. "Andika: mimi Marhun bin Soud nilipima kwa bahari ya Pemba."

Nilitaka kulia, na kwa kuwa sikutaka anione, nikamgombeza kwamba maneno yale si ya kiserikali. Akasema niyaandike vivyo hivyo. Nikayaandika kwa Kiarabu, neno kwa neno, akatia saini.

Yaarub aliisoma mara mbili, akamuuliza kama ana hakika. Kisha akapiga muhuri. Kazi ilichukua siku kumi na moja. Walifukua nusu ya barabara, magari yakipita nusu ya pili, na safari hii Marhun alikuwa amekwisha kusimama na kijiti kilichotiwa alama tangu maji mafu, yale yasiyopanda sana, mpaka bamvua. Mabomba yakashuka karibu dhiraa mbili. Bahari ikaingia siku ya kawaida tu, maji hata si makubwa, ikatambaa juu ya chumvi mpaka kwenye mizizi.

Tulikwenda kutazama. Kaltham alikuja akasimama mbele ya wanaume wote, akauliza nani yule aliyeyaweka mabomba juu. Wafanyakazi wakatazama chini.

"Mimi," akasema Marhun.

Kaltham hakumtukana. Alimwambia amfuate, akampitisha katika miti iliyokufa, mmoja mmoja, robo nzima ya khor, matope yakiwafika magotini. Marhun alimfuata mpaka mti wa mwisho. Mimi nilibaki juu ya tuta na viatu vyangu, na sijui walizungumza nini huko.

Nafasi ya Nizwa alipewa mtu wa Ibra. Karatasi ile moja ilikuwa imeingia katika faili lake, na binamu za Tanuf wakapata kicheko cha mwaka mzima. Rahila hakusema naye siku mbili. Tulidhani Marhun ataomba kuondoka Sur, kwa vile aibu ilikuwa hapo hapo njiani, kila mtu akipita juu yake na gari. Hakuomba. Akawa kila bamvua na kila maji mafu anakwenda khor na kijiti chake, kisha bandarini Sur, kisha pwani ya Qalhat, anasimama majini na kuandika. Hakuna aliyemtuma. Miaka mitatu ikapita, michu ikachipua upya pembezoni, na yeye bado anakwenda.

Nilimuuliza atakwenda mpaka lini.

"Mpaka mtu akiniuliza maji ya hapa yanafika wapi," alisema, "nisimjibu ya Pemba."

Mimi ukiniuliza, mpaka leo najibu ya Unguja.