Alama Iliyokwanguliwa kwa Wembe

Kijitabu chenyewe nilikikuta mfukoni mwa koti. Koti lilikuwa la mwalimu mmoja wa Kihindi, mkazi wa Upanga, aliyezoea kutuletea nguo zake kila shule zikifungwa, na safari hii bitana ya ndani ilikuwa imeachia. Kwa fundi cherehani mfuko wa mteja ni amana. Kila ninachokikuta humo nakiweka kando juu ya kibao: vipande vya chaki, tiketi, pipi iliyonata kwenye karatasi yake. Lakini kijitabu kile nilikifungua, siwezi kuficha. Kilikuwa cha chuo fulani cha Ulaya kinachofundisha watu kwa posta, na ukurasa wa tisa ulikuwa na picha ya mtu amesimama nyuma ya kamera ya sinema, kofia kaigeuza nyuma mbele, anaonyesha kidole kitu ambacho sisi wasomaji hatukioni.

Nilishona bitana ile. Mwalimu alipokuja kuchukua koti lake nikamwambia kwamba nimekisoma.

"Umeelewa?" akaniuliza.

"Nusu, Mwalimu."

"Basi chukua usome na nusu iliyobaki. Mimi nimekwisha kujiandikisha somo langu." Akalivaa koti palepale barazani, akanyoosha mikono kujaribu mabega. "Lakini sikiliza, bwana mdogo. Mwanafunzi mpya wanampa somo moja tu. Ukishaandika, umeandika. Hawabadilishi mpaka mwaka uishe."

Mwaka mmoja kwa mtu mwingine si kitu. Kwangu ulikuwa mkubwa kwa sababu haukuwa wangu. Cherehani tuliyokuwa tukishonea ilikuwa ya shangazi, dada yake baba, aliyenilea tangu nina miaka saba. Tulipanga chumba Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na baraza ya nyumba ile ndiyo ilikuwa duka letu: yeye asubuhi, mimi mchana mpaka jua linapoinama. Ili nisome, ilibidi yeye azishone na alasiri zangu, na macho yake yalikwisha kuanza kukataa uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi.

Nilimweleza nikiwa nimechuchumaa, kama mtu anayeomba msamaha. Akanisikiliza huku akikata vifungo kwenye shati kuukuu.

"Sinema," akasema.

"Sinema, shangazi. Kutengeneza, siyo kutazama."

"Kutazama unajua tayari, nimekuona unavyounguza wali kwa ajili yake." Akakata kifungo cha mwisho. "Haya, mwanangu. Mwaka mmoja nitakushonea. Wa pili sikuahidi. Kwa hiyo usije ukachagua kwa pupa ukaniambia umekosea."

Nilimpenda kwa maneno yale, na yakaninyima usingizi.

Maana kijitabu hakikuwa na somo moja la sinema. Kwa watu wanaotamani kutengeneza picha walikuwa wamepanga manne, na wewe uchague mlango wa kuingilia: kuandika hadithi za sinema, kupiga picha kwa kamera, kusema mbele ya watu na kuigiza, na la nne lililoitwa kupanga na kuunga vipande vya picha. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la sita, cha kuokoteza, lakini haya niliyaelewa. La nne nililiruka. Nilidhani ni kazi ya mtu anayekaa stoo.

Mimi nililitaka la kusema. Na ili ujue kwa nini, lazima nikueleze habari za mfasiri.

Gari la sinema la serikali lilikuwa likija viwanja vya Mnazi Mmoja mara kwa mara. Linakuja alasiri, wanafunga pazia jeupe kwenye nguzo mbili, na giza likiingia tu mashine inaanza kunguruma. Picha nyingi zilikuwa za afya na kilimo. Zilisema Kiingereza, au hazisemi kabisa. Aliyezisemesha ni mtu mmoja, mrefu, mwembamba, amevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama, anakaa kwenye kigoda nyuma ya gari na kipaza sauti mkononi. Wenyewe tulimwita mfasiri. Lakini kufasiri ni neno dogo kwa kazi ile.

Mathalani kwenye pazia anapita mtu na ndoo. Ni hilo tu, mtu na ndoo. Mfasiri anasema, "Mtazameni huyu, anakwenda kisimani kwa madaha kama anakwenda kuchumbia. Ndoo yenyewe hajaiosha tangu alipoinunua! Mama, wewe wa kanga nyekundu, ungempa binti yako?" Na mama wa kanga nyekundu anajibu kwa sauti, "Simpi!" na uwanja mzima unacheka, na sote tunamsubiri yule mtu wa ndoo aumwe tumbo. Akiumwa tunamhurumia. Mimi nililia kabisa, mtu mzima na ndevu zangu tatu.

Wiki moja baadaye nililifuata gari lile mpaka Ilala. Picha ni ileile, mtu na ndoo. Ila safari hii mfasiri akasema jamaa ni mjane, mkewe amefariki, hakuna wa kumkumbusha kuosha ndoo. Watu wa Ilala hawakucheka. Nikasikia mzee mmoja akisema polepole, "Maskini." Picha ileile! Nilirudi nyumbani kwa miguu nikijisemea kwamba nimemwona kwa macho yangu mtu anayetengeneza sinema. Wale wa kamera, niliwaza, wanamletea tu vitambaa. Fundi ni yeye.

Kwa hiyo nikachukua kalamu ya wino na kutia alama kwenye karatasi ya maombi iliyokuja na kijitabu, penye somo la kusema mbele ya watu. Alama nzuri, nene. Nikaiweka karatasi chini ya godoro, ningoje siku nitakayokwenda posta.

Kabla siku hiyo haijafika, pazia lilichanika.

Ilikuwa alasiri yenye upepo mkali, gari limerudi Mnazi Mmoja. Nilikwenda mapema nipate pa kukaa karibu na kigoda. Dereva na mfasiri walikuwa wakivuta kamba, upepo ukaingia, na pazia likapasuka katikati kwa sauti ya kitambaa kipya kinachopasuliwa dukani. Watoto wakapiga kelele. Mfasiri akawasha kipaza sauti.

"Jamani! Kariakoo yote hii, hakuna fundi cherehani hapa?"

Sindano ilikuwa kwenye ukosi wa shati langu, na uzi umezungushwa palepale, kama kawaida ya mafundi. Nikainuka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Wewe ni fundi, au unataka kukaa mbele tu?"

"Yote mawili."

Akacheka, akanipa ule mpasuko. Nilishona nimepiga magoti kwenye majani, pazia limetandazwa chini, watoto wamenizunguka wananihesabia mishono. Nikaunga kwa mshono wa kurudia, ule shangazi anaoutumia kwenye kiuno cha suruali. Tulipolisimamisha, alama ilionekana, mstari kutoka juu mpaka katikati, lakini upepo ulivuta usiweze.

"Nikupe nini?" mfasiri akauliza.

Nikamwambia sitaki kitu, nataka ushauri. Nikamweleza yote pale pale, chuo, shangazi, mwaka mmoja, na kwamba nimechagua kusema ili niwe kama yeye. Nilimtazama nikitegemea afurahi. Akakuna shingo.

"Panda," akasema. "Kaa hapa na mimi."

Hivyo ndivyo nilivyoiona sinema kutoka nyuma ya gari. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba mfasiri hakutazama pazia. Aligeuza kigoda akalipa mgongo, uso kwa watu, akawa anasikiliza mashine tu ili ajue picha imefika wapi.

"Hutazami?" nikamnong'oneza.

"Picha nazijua. Watu ndio siwajui, kila siku wapya."

Akaendelea, na mimi nikawa namtazama yeye, jinsi anavyomtafuta mtu mmoja aliyeanza kusinzia na kumrudisha kwa mzaha, jinsi anavyoshusha sauti mama mmoja anapomfunika mwanawe kanga. Alikuwa anashona uwanja mzima kwa uzi mmoja. Sijapata kumwona mtu anayewapenda watu wasiomjua kiasi kile.

Mkanda wa mwisho ulikuwa mfupi. Baba amembeba mtoto mwenye homa, anatembea, anatembea, anafika hospitali. Mfasiri akanitia kipaza sauti mkononi. "Sema wewe huu."

Mungu wangu! Nilisikia pumzi zangu mwenyewe zinapita juu ya vichwa vya watu. "Huyu ni... baba," nikasema. "Anakwenda." Mtu akapaza sauti kutoka gizani, "Tunaona kwamba anakwenda!" Kicheko. "Anakwenda hospitali," nikasema. Kwenye pazia nesi alitokea mlangoni, mshono wangu umempita katikati ya paji la uso, akanyoosha mikono ampokee mtoto, baba naye akanyoosha yake, mikono ikakaribiana, ikakaribiana, na mara picha ikaruka, tunaonyeshwa chandarua.

"Aa!" nikapiga kelele ndani ya kipaza sauti. "Wamekata mapema! Mikono haijafika!"

Uwanja ukalipuka. "Kweli bwana!" mama mmoja akaitikia. "Mtoto kaanguka huyo!"

Mfasiri akaninyang'anya kipaza sauti kwa upole. "Hakuanguka, mama. Nesi kamdaka, mimi nilikuwepo." Na wakacheka, wakatulia, akawapeleka salama mpaka mwisho.

Watu walipoanza kutawanyika nilishuka garini nikiona aibu mpaka masikioni. Nilitaka kuondoka bila kuaga. Akanishika bega.

"Fundi, picha ile nimeisemea miaka mitatu. Sijaona hata siku moja kwamba mikono haifiki. Mimi huwa namalizia kwa maneno."

"Nimekuharibia, kaka."

"Umesema kama mtu aliyemeza pamba, hilo ni kweli." Akacheka, nami ikabidi nicheke. "Kusema usiende kusomea, utampotezea shangazi yako mwaka. Lakini umeona mkato. Kijitabu chako hakina somo la wanaokata?"

Nikamwambia lipo, la nne, nililiruka kwa sababu nilidhani ni kazi ya stoo.

"Sasa nani alimwacha mtoto hewani?" akauliza. "Si mimi. Si aliyeshika kamera, yeye pengine alipiga mpaka nesi akambusu. Ni mtu fulani mezani na mkasi. Mimi, ndugu yangu, sijatengeneza sinema hata moja. Nazipenda tu." Alisema hivyo bila masikitiko, akikunja waya kwenye kiwiko chake, akaukunja vizuri, kila mzunguko sawa na mwenzake. Nikazidi kumheshimu.

Nyumbani shangazi alikuwa bado amekaa na taa. Nikaitoa karatasi chini ya godoro, nikamwonyesha alama yangu nene ya wino, nikamwambia kwamba nimekosea, na nikasubiri. Si alikwisha kunionya?

"Umeshaipeleka?"

"Bado."

"Basi bado hujakosea." Akafungua bati la vifaa, akatoa wembe tunaofumulia mishono. "Lete. Wewe utatoboa."

Akaitandaza karatasi juu ya meza ya cherehani na kuukwangua ule wino, kidogo kidogo, akipuliza unga wake, kama anavyofumua mfuko wa suruali ya mtu bila kuacha tundu. Alipomaliza akaiinua kwenye taa. Pale palipokuwa na alama karatasi ilikuwa imebaki nyembamba, mwanga unapita. Haikutoboka.

"Kabla hujatia nyingine, niambie. Hilo jipya unakwenda kujifunza nini?"

"Kukata na kuunga."

Akanitazama, akaitazama cherehani, akaanza kucheka mpaka akashika ubavu. "Kukata na kuunga! Mpaka Ulaya? Si ndiyo kazi unayonifanyia hapa barazani miaka yote?" Lakini alinisogezea wino mwenyewe.

Chuo kilinipokea. Somo la kwanza lilikuja ndani ya bahasha ya kaki, na zoezi lake lilikuwa kuchora katika visanduku sita mtu akifanya kitu kimoja tu. Nilimchora shangazi akitunga uzi kwenye sindano. Kisanduku cha tano kilinichukua siku nne, maana hapo ndipo uzi unapoingia, na sasa najua mtu hatakiwi kuondoka kabla haujaingia. Kamera sina. Nitaipata.

Gari liliporudi Mnazi Mmoja nilimwomba shangazi tuende wote. Alikuwa ameshona tangu asubuhi, zamu yake na yangu. Tulikaa mbele, na mfasiri akamsalimu kwa kipaza sauti, "Shikamoo, mama yake fundi," naye shangazi akajifunika uso kwa kanga kwa haya. Pazia lilikuwa lilelile, na mshono wangu umeshika.

Mkanda wa mwisho ukafika. Baba akatembea na mtoto wake, akatembea. Nesi akatokea mlangoni. Sikumwambia shangazi kitu, nilitaka aone mwenyewe. Mikono ya nesi ikanyooka, ya baba ikanyooka, na picha iliporuka niligeuka kumtazama. Shangazi alikuwa amenyoosha mikono yake yote miwili mbele, viganja juu, kampokea mtoto.

Akaishusha taratibu mapajani.

"Kumbe wanamwacha kweli," akasema. "Na huko kukata, mwaka mmoja unatosha kujifunza?"

"Wanasema miwili, shangazi."

"Haya," akasema, na akanikabidhi mkoba wake niubebe.