Maji ya Managu

Asubuhi hiyo nilitoka nyumbani kwa kaka yangu, mtaani Waithaka, na begi moja, bila kujua ninakokwenda. Nimehama hivyo mara nyingi tangu nilipoacha shule, ila siku nyingine nilikuwa nikifuata kibarua, au udadisi tu. Safari hii nilikuwa nakimbia meza ya chakula.

Kaka alikuwa amepatikana na uvimbe kwenye utumbo mpana. Kwa muda mrefu aliona damu chooni akasema ni bawasiri. Sasa alisubiri upasuaji, na mama alikuwa amekuja kutoka magharibi kumuuguza. Jumapili moja, baada ya ibada, muuguzi aliwafundisha akina mama kwamba mboga za majani zina foleti, vitamini inayosaidia kukinga saratani, na kwamba sehemu yake kubwa humwagwa na maji ya kuchemshia. Mama alirudi na hukumu. Shemeji, mke wa kaka aliyeolewa kutoka Ukambani, ndiye aliyemwaga maji ya managu, mboga chungu za kwetu, miaka yote. Basi ndiye aliyempa kaka saratani. Akamtoa jikoni. Akaanza kumpa kaka tembe za foliki, yaani foleti ya dukani, zilizobaki kutoka siku za ujauzito wa shemeji, na zilipokwisha akanunua nyingine.

Nilisoma kila nilichopata kwenye simu, kisha nikamuuliza daktari nilipokwenda mjini na kaka. Alieleza kwamba mwili hutumia foleti kutengeneza alama ndogo za kikemikali zinazobandikwa kwenye DNA. Ndizo huiambia jeni hii inyamaze, ile ifanye kazi. Foleti ikipungua kwa miaka, alama huenda zikakaa ovyo na hatari ya saratani ikapanda. Lakini hakuna awezaye kunyooshea sufuria kidole. Pombe nayo huivuruga foleti, akasema, akimtazama kaka. Na uvimbe ukishakuwepo, tembe hizo zaweza kuulisha. Aziache. Kaka akaitikia kwa kichwa.

Jioni mama aliweka tembe kando ya ugali. Nikarudia maneno ya daktari.

“Daktari wa simu,” akasema. “Shule ilikushinda, leo unanifundisha kulea mtoto niliyemzaa?”

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. “Mama, hayo maji ulinifundisha kumwaga wewe. Mimi managu sikuyajua. Ulisema mtoto wako hali mboga chungu.”

Ilikuwa kweli. Kwetu managu huchemshwa, maji yakamwagwa, managu yakachemshwa tena, kisha yakalazwa kwenye maziwa hadi ukali uishe. Mama alisukuma kisahani cha tembe mbele ya kaka. Naye, fundi wa mawe aliyezoea kuwafokea wanaume wenzake mjengoni, alitutazama sote, kisha akazimeza. Pombe haikutajwa na yeyote.

Ndiyo sababu asubuhi iliyofuata nilitembea, nikapita Kawangware na Dagoretti Corner, mpaka miguu ikakataa nikiwa mtaa wa Jamhuri. Mama mmoja alikuwa na vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba yake. Alinionyesha cha ghorofani, chenye dirisha zuri. Nikaomba cha chini, kilicho karibu na choo.

“Kwani wewe ni mgonjwa?”

“Ni kaka yangu. Atafanyiwa upasuaji.”

Nilimpigia kaka nikiwa kizingitini. Nikamwambia kuna chumba, aje na shemeji, ampikie bila vita. Nyuma yake nilisikia sahani zikipangwa.

“Wacha niulize mama,” akasema.