Lebo Mbili Mfukoni

Siku yangu ya kwanza kazini Isiolo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, Daktari Mkuu alinikabidhi aproni ya mpira na funguo za chumba cha maiti. "Mgonjwa akikosewa atapiga kelele, Mutwiri," alisema. "Hawa hawapigi." Nilicheka. Ujinga wa ujana.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Maiti akifika unaandika jina kwenye lebo, kipande cha kadibodi chenye uzi, unaifunga kwenye kidole gumba cha mguu. Friji hakuna. Wengine tuliwadunga formalini, dawa ya kuzuia kuoza, lakini Waislamu walizika siku hiyo hiyo.

Mwaka wangu wa nne lori la ng'ombe lilipinduka, likaua wanaume wawili: Guyo wa Sericho na Halake wa Biliqo. Nyuso hazikutazamika. Turniboi, utingo wa lori, aliyepona alinitambulishia kwa nguo, nikafunga lebo.

Kisha akaja mzee mwoshaji. "Salaam aleikum. Nguo zitoke, na hizo kamba pia. Maji lazima yafike kila mahali." Mimi Mkristo wa Meru, sikujua hayo. Nilifungua lebo zote mbili nikazitia mfuko mmoja. Mfuko mmoja, jamani! Walipokwisha kuvishwa sanda, ndugu wa Halake wakauliza wa kwao ni yupi. Nilibahatisha. Wakambeba mmoja mpaka Biliqo, wa pili, kwa kuwa Sericho ni mbali, tukamzika Isiolo kama Guyo.

Halima, mjane wa Guyo, alikuja kila mwaka kutoka Sericho, siku mbili juu ya lori. "Mutwiri, nipeleke kwa mzee wangu." Nilimpeleka kaburini. Aliketi akimwambia habari za ngamia na watoto, nami nikisimama kando kama mwizi.

Miaka ya themanini nilitumwa kozi Nairobi. Siku moja mkufunzi alitupeleka jumba la makumbusho kuona majeneza ya Misri ya kale yaliyoletwa kwa maonyesho. Moja lilichorwa uso wa mwenyewe, macho wazi. Jina lake liliandikwa juu, ubavuni, hata ndani. "Waliamini roho inarudi kutafuta mwili wake," mkufunzi alieleza. "Jina lilikuwa la kuisaidia isikosee." Wenzangu walitaniana kwamba Wamisri walikuwa na rangi ya kuchezea. Mimi nilikaa sakafuni nikalia. Niliapa kumwambia Halima kila kitu.

Niliporudi, mwanawe alikuwa ananingoja mlangoni. Mama yake alikuwa ameletwa Isiolo mgonjwa, akafariki alfajiri ile.

"Pole sana," nilisema.

"Ameomba tumzike ubavuni mwa baba," alinijibu. "Alisema wewe peke yako ndiwe mwenye hakika ya mahali, mzee."

Wachimbaji walikuwa tayari na sururu zao. Nikawatangulia.

Nimestaafu salama, watu husema. Salama gani? Watoto wa Halima hunishukuru mpaka leo, na mimi sijui nilimlaza mama yao kando ya nani.