Utepe Mweupe wa Mama Kanda

Mama Kanda alimsikia mgeni kabla hajabisha. Alisikia hatua zikisimama mlangoni, kitu kizito kikiwekwa chini, kisha kimya. Mtu mwenye nia njema akifika mlangoni hubisha, aliwaza. Huyu anasikiliza kwanza.

"Wifi, usifungue," alinong'ona.

Wifi yake, mjane wa marehemu kaka yake, anayeishi naye nyumba moja mwaka wa tisa sasa, alikuwa keshashika kitasa. "We naye! Hata nzi akitua dirishani utamdai kitambulisho." Akafungua.

Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, shati limenyooshwa, viatu vimefutwa vumbi dakika hiyohiyo. Miguuni pake kulikuwa na sanduku la bati lenye mkanda wa kubebea.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanangu, karibu ndani," alisema Wifi.

"Marahaba," alisema Mama Kanda. "Nani kakutuma?"

Mgeni akasema hakutumwa na mtu. Anakusanya muziki wa zamani, basi. Ule wimbo wa gitaa linalokwaruza ulikuwa unatimiza miaka arobaini na mitano, redio zote zinauzungumzia, lakini zote zinapiga nakala ya nakala. Yeye amesikia kwamba kanda yenyewe ya kwanza, ile iliyotoka studio siku ile, bado ipo, na ipo kwa mama. Anaomba kuisikiliza tu.

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu wa redio."

"Watu wa redio wa siku zangu tumebaki wanne. Watatu hatusemeshani, na wa nne ni kiziwi."

Wifi akacheka hadi akashika ukuta. Mama Kanda hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye lile sanduku.

Msimhukumu haraka. Huyu mama hakuzaliwa na wasiwasi. Alipoajiriwa kutunza kanda redioni alikuwa msichana wa kuimba kwenye ngazi, na kwa miaka thelathini na mmoja chumba kile kisicho na dirisha ndicho kilikuwa ulimwengu wake: rafu mpaka darini, harufu ya makasha ya karatasi, kipimajoto ukutani. Wanamuziki walikuja na kuondoka, wengine leo wana sanamu. Yeye aliwajua kwa kanda zao. Alijua nani hukohoa kabla ya kuimba na nani hupiga besi akigongesha kiatu sakafuni. Jina lake halisi watu walilisahau mapema.

Kisha ikaja siku ile. Bendi moja ililetwa kurekodi, na walipokuwa wakishusha vyombo garini, spika ya gitaa ikaponyoka, ikaanguka ngazini, karatasi yake ikachanika. Mpiga gitaa alipogusa nyuzi, ikatoka sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia: nzito, ya kukwaruza, kama mtu mwenye hasira anayejizuia kulia. Wakarekodi hivyohivyo, kwa kuwa muda wa studio ulikuwa unakwisha. Ndipo ikapatikana spika ya kuazima, wakarudia wimbo ukiwa safi. Kanda moja, wimbo mara mbili.

Mkuu wa muziki akatoa amri: utakwenda hewani ule wa pili. Ule wa kwanza ni uchafu.

Kazi ya mtunza kanda ilikuwa kukata kanda kwa wembe na kuunga kipande cha utepe mweupe mbele ya wimbo uliochaguliwa. Fundi mitambo, aliyezipiga kanda hewani, hakuwa na haja ya kuuliza mtu. Aliutafuta mweupe, akapiga kinachofuata. Ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile, na hakuna aliyewahi kuivunja.

Mama Kanda alivaa visikilizio akasikiliza nyimbo zote mbili. Wa pili ulikuwa mzuri. Wa kwanza ulimsimamisha nywele za mikono. Mkono ukaenda wenyewe: akaunga mweupe mbele ya ule wa kwanza.

Saa saba mchana ukaenda hewani. Saa saba na dakika tano mkuu wa muziki alikuwa anapiga kelele mpaka wafagizi wakajificha. Na Mama Kanda, aliyekuwa amejiapia kwamba likitokea lolote atasema "nimefanya mimi", aliingia chumbani kwake, akaichukua ile kanda iliyokuwa imerudishwa kwake, akaubandua mweupe pale, akaliunga jeraha, utepe akauhamishia mbele ya wimbo wa pili. Wakubwa walipokuja kukagua, mweupe ulikuwa mahali pake.

Fundi mitambo aliutazama utepe ule muda mrefu. Kisha akamtazama yeye.

"Mimi nilifuata mweupe," alisema.

Akafukuzwa kazi wiki hiyo, kwa kosa la uongo. Mwezi haukwisha, barua za wasikilizaji zilikuwa zinakuja kwa magunia, wakitaka wimbo unaokwaruza. Bendi zote zikaanza kuchana spika zao kwa nyembe na vijiko. Enzi nzima ya muziki ikazaliwa. Mkuu wa muziki akaeleza magazetini kwamba aliuchagua yeye. Mpiga gitaa akaeleza kwamba spika aliichana kwa makusudi, baada ya kuota. Fundi mitambo hakuulizwa, wala hakurudishwa. Na Mama Kanda tangu siku hiyo akaanza kufunga milango mara mbili, kwa sababu kovu la wembe lilikuwa bado kwenye kanda, na mwenye kujua kusoma kanda angelisoma. Redio ilipohamia kwenye kompyuta na kutupa makasha, hilo moja alilibeba nyumbani ndani ya shuka.

Hivyo alipomtazama mgeni, swali lilikuwa moja tu: huyu anajua, au hajui?

Kulikuwa na njia ya kumjua. Alileta kasha, akaitoa kanda, akaiweka mezani. "Haya. Ipige."

Kanda za zamani hazikuhifadhiwa zikiwa tayari kupigwa. Ziliachwa mwisho wake ukiwa nje, mkia nje, walivyosema, ili sauti zisipenyezeane vibaya zikikaa miaka. Asiyejua angeichomeka moja kwa moja, na wimbo ungelia kinyumenyume. Mama Kanda aliomba iwe hivyo. Angecheka, angemfukuza, angelala usingizi mzuri.

Mgeni akafungua sanduku lake. Ndani mlikuwa na mashine ya kanda, kuukuu lakini safi. Aliishika kanda kwa kingo, bila kugusa uso wake, akavuta shubiri moja na kuitazama kwenye mwanga.

"Mkia uko nje," alisema kwa sauti ya chini, akaanza kuirudisha nyuma.

Kumbe huyu anazijua kanda. Karibu na mwanzo, mgeni akazima mota, akaanza kuizungusha kwa mkono, kidole kimoja kikiisindikiza kanda taratibu. Hakuna anayefanya hivyo siku hizi. Aliwahi kumwona mtu mmoja tu akifanya hivyo.

Kidole kikasimama.

"Hapa palikatwa, mama. Pakaungwa bila kuwekwa kitu."

"Nani kakufundisha kugusa kanda hivyo?"

"Baba."

Wifi, aliyekuwa anamimina chai, akaacha birika hewani.

"Umeniambia hukutumwa," alisema Mama Kanda.

"Sikutumwa. Hajui kama niko hapa." Mgeni alifuta jasho. "Samahani, mama. Nilijua nikisema mimi ni mtoto wa nani, hutanifungulia. Wimbo ukipigwa nyumbani, mzee hunyanyuka na kusema alifuata mweupe. Wajukuu wanamcheka, wameufanya mchezo. Hata mimi nilikuwa nacheka. Nimekuja nijue tu kama baba yangu ni mwongo."

"Yu hai?"

"Yu hai. Miguu tu ndiyo inasumbua."

Mama Kanda alikaa. Angeweza kusema kanda za zamani zina viraka vingi, na huyu angeondoka na shaka yake kama alivyokuja. Sentensi hiyo alikuwa nayo tayari. Aliitunga miaka arobaini na mitano iliyopita.

"Baba yako alifuata mweupe," alisema. "Mweupe ulikuwa hapo ulipoweka kidole. Niliutoa mimi."

Wifi aliweka birika chini, akavuta kiti, akakaa naye bega kwa bega.

Mama Kanda akafungua droo ya cherehani, akatoa wembe na utepe wa kunatia. Mikono ilikuwa ya kizee, lakini kwenye kanda ilikuwa bado ni mikono ileile. Alikata pale penye kovu, akautoa mweupe mbele ya wimbo wa pili, akaurudisha mbele ya ule wa kwanza, akaulainisha kwa ukucha.

"Nitampelekea leo hii," alisema mgeni, akinyoosha mkono.

"Hutampelekea wewe." Kasha alikuwa keshalikumbatia. "Nitajuaje utafika nayo? Umeingia kwangu na uongo. Kanda hii haitoki mikononi mwangu mpaka imefika mikononi mwake."

"Akikufukuza je?" Wifi aliuliza, huku akitafuta viatu vyake.

"Anifukuze. Yeye ana haki."

Wakatoka watatu, mgeni na mashine yake mbele. Walipofika kona, Wifi akasimama ghafla.

"We, mlango hukufunga!"

Mama Kanda alikuwa keshatangulia, kasha kifuani, anamuuliza mgeni kwa mara ya tatu kama kweli hii ndiyo njia ya kwao.