Kimto cha Bega la Kogo

Hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani, narudi shuleni kwetu karibu na Kabianga, kwenye darasa la sayansi kimu lililovuja kila alasiri. Na mvua ya kwetu unaijua, haikosi.

Mwalimu Akinyi alitaka kila mmoja amtengenezee mtu wa nyumbani kitu cha kitambaa. Lakini kushona moja kwa moja, thubutu! Kwanza umuulize mwenyewe anataka nini, uchore, ukate karatasi, ushone cha majaribio kwa gunia, akijaribu, ndipo uguse kitambaa kizuri. Tuliona anatuchelewesha tu.

Nilimchagua Kogo, mama yake baba. Mshipi wa kikapu cha chai ulikuwa umemchubua bega, nami nililiona jeraha nikimsugua mgongo. Nilipomuuliza anataka kimto cha namna gani, alitazama mlangoni kwanza.

"Nataka ile haionekani."

Jibu gani hilo? Baba alikuwa ameshasema kwamba siku mama yake akiumia, chai ingeachiwa vibarua, naye angekaa nyumbani apumzike. Baba alikuwa mtu mwema, na sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Nikaruka hatua zote, nikashona kimto chekundu, kinene, chenye maua.

Kogo alikisifu mpaka nikaona haya. Asubuhi akaenda shambani bila hicho. Nililia sana.

Mwalimu Akinyi alikigeuzageuza. "Hii ni yako, si yake. Alikuambia anataka nini?"

Nikamwambia.

"Basi anzia hapo."

Nikapima koti kuukuu la Kogo, nikakata karatasi, nikashona cha gunia. Akakijaribu chumbani na kikapu mgongoni, mlango umefungwa. Kilifura, nikapunguza sponji. Cha mwisho kilikaa ndani ya bitana, kijivu kama koti lenyewe.

Jioni Baba, aliyekuwa ameanza kushuku, alimtazama akitua kikapu. "Mama, bega haikuumi?"

"Bega gani?" Kogo akauliza, akaenda zake kuosha miguu.

Alichuma chai miaka mingine mingi, akipiga soga na wanawake wenzake kule kwenye majani. Mimi nilijivunia mshono wangu, basi.

Mwaka juzi miguu yangu ilianza kuvimba. Wanangu, kwa upendo mtupu, wakasema ikizidi nitafunga kibanda changu cha kushonea pale Kapsoit, nikakae nao Nakuru. Niliwashukuru. Wiki hiyo hiyo nikajishonea sketi ndefu za kufika chini kabisa, na nikiwa napinda upindo wa kwanza, nikamwelewa Kogo.