Mafuta ya Alizeti kwenye Nozeli

Harufu ya mafuta ya alizeti yanayoungua bado hunirudisha nyuma ya nyumba yetu Iguguno, pale pikapu ya baba ilipokuwa imesimama na boneti wazi kama mtu anayepiga miayo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Zilikuwa siku za ruksa, serikali imefungulia biashara, kila mwenye magurudumu aligeuka mfanyabiashara, na baba, aliyekuwa dereva wa ushirika hadi walipompunguza kazini, alikuwa amenunua pikapu hiyo kuukuu ya dizeli ili asombe alizeti ya majirani kuipeleka mashineni Singida mjini. Majirani walimwahidi kwamba atabeba mavuno yote. Alisema msimu mmoja tu ukienda vizuri, hatamwamkia tena bosi yeyote.

Mavuno yalipoanza, gari nalo likaanza kutoa moshi mweupe na kugonga. Baba aliendelea kulikimbiza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli, lakini nani alikuwa na muda wa kuziba? Likashindwa kilima. Baba alijua ni nozeli moja imekufa, kile kidude kinachopulizia dizeli ndani ya injini. Ilitakiwa itolewe, ipelekwe mjini ikapimwe, irudishwe. Kazi ya siku mbili. Nozeli ikagoma kutoka. Masizi ya miaka mingi yalikuwa yameishika, na kila alipoigonga aliogopa isije ikakatikia ndani, kwa sababu hapo ingebidi injini ifumuliwe, na fundi wa kufumua injini kijijini hatukuwa naye.

Kwetu mafuta ya alizeti yalikuwa dawa ya kila kitu. Tulijipaka mwilini, tulipaka bawaba zinazolia, tulimsugua kifuani mtoto mwenye kikohozi. Kwa hiyo baba aliiwasha injini ikohoekohoe mpaka ipate moto, akaizima, akamimina mafuta kuizunguka nozeli, akangoja ilainike. Kesho yake tena, na keshokutwa. Majirani walipita wakampa pole, wakasifu uvumilivu wake, na mmoja akaleta mafuta zaidi kwa nia njema kabisa.

Mwosha vyombo wa nyumba ile nilikuwa mimi. Nilijua mafuta ya alizeti yakirudiwarudiwa motoni hufanya nini kwenye kikaango cha chuma: hugeuka gundi ya kahawia isiyojali majivu wala mchanga. Siku ya nne nilichungulia kwenye injini, nikaiona gundi ile ile imejaa shingoni mwa nozeli. Nikasema, “Baba, hayo mafuta yanaigandisha. Ni kama kikaango.” Hakuinua macho. “Kaoshe vyombo,” alisema. Tulilelewa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu; kuhusu mkuu asiyesikia la mtoto, hatukuambiwa kitu. Nilikwenda nikaosha vyombo, na nilimkasirikia kwa siku tatu nzima.

Siku ya saba nilimkuta amekaa kwenye bampa, spana mapajani, viganja vimechubuka. Hakuwa amenyoa. “Nimechoka,” alisema, nami sikujua kama ananiambia mimi au gari. Sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo, na liliniogopesha kuliko kama angenipiga. Mama alikuwa shambani. Niliingia jikoni, nikachemsha maji, nikatia magadi mengi, yale yale ya kupikia maharage, kama nilivyofanyia kikaango kila Jumamosi. Nilipomletea alitazama sufuria, akanitazama mimi. “Mwaga tu, mama,” alisema.

Nilimwaga. Povu la kahawia likapanda, linanuka sabuni. Nikamwaga tena, mara tatu, baba akikwangua kwa msumari na kufuta kwa kitambaa. Mwisho akatia mafuta ya taa, akaiacha ilowe usiku kucha. Asubuhi aliizungusha kwa spana kidogo kushoto, kidogo kulia, hana haraka hata kidogo, na nozeli ikatoka. Hatukushangilia. Barabarani yalikuwa yanapita malori mawili ya wageni, yamejaa alizeti ya majirani zetu hadi juu. Sikuwalaumu. Panya wa ghalani hawamngojei mtu atengeneze gari.

Mwaka uliofuata baba aliiuza pikapu, akaenda kumwendeshea mtu mwingine hadi macho yalipomwishia.

Sasa nina duka la vipuri Singida mjini. Nauza kopo la dawa ya kupuliza, nati iliyoganda inalegea mtu angali anasimulia habari za nyumbani. Kazi zimekuwa nyepesi, na sielewi kwa nini jioni nachoka vilevile. Juzi binti yangu alisimama mbele ya meza yangu akasema, “Mama, hayo makopo ukiyapanga dirishani yanapigwa na jua, yanaweza kulipuka.” Sikuinua macho. “Kaoshe vyombo,” nilimwambia. Alikuwa ameshafika mlangoni nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe. Nilimwita. Alirudi amenuna, mikono nyuma.

“Niambie tena,” nilisema. “Nimechoka tu, mama.”