Mama Alipoishtaki Serikali

Juzi, nje ya korti ya Kakamega, nilimwona mama mmoja amemshika bintiye mkono, nikaona haya upya. Mama yangu naye alinukia sabuni ya kipande na moshi wa kuni alasiri ile alipokwenda kuishtaki serikali, iliyotaka kuchukua shamba letu ili kupanua mji. Mimi sikulijua hilo. Kwetu shuleni, aliyeonekana kortini alikuwa mwizi tu. Kwa hiyo tulipokutana na mwalimu wangu mlangoni, niliuchomoa mkono wangu, nikasimama kando kama nisiyemjua mama. Alinifuata, akaushika tena.

"Usiogope," aliniambia. "Hawa watu hawaumangi mtu."

Mkono wake ulikuwa ukitetemeka, nami nikaamini kabisa kwamba ameiba.